Mwalimu wa sayansi ya dunia anasoma nini chuoni? Jibu kwa vijana wa Goma na Bukavu

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakitoka, vijana waliosoma sehemu ya sayansi huanza kuulizana waende wapi. Wapo wanaotaka kuwa walimu, na kati yao wapo waliokulia chini ya mlima Nyiragongo, wanaotamani kufundisha mambo waliyoyaona kwa macho: volkano, tetemeko, ziwa lenye gesi, mlima unaoporomoka na nyumba za watu. Wanafika kwenye ofisi ya uandikishaji ya ISP, yaani chuo cha ualimu, wanatafuta idara ya sayansi ya dunia, hawaioni. Wengi huishia Jiografia kwa kuwa jina hilo ndilo linalokaribia wanachokitafuta. Wengine huichagua kwa sababu wameambiwa haina hesabu nyingi. Hilo la pili ndilo linaloniumiza zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Sayansi ya dunia ni elimu ya miamba na yaliyo chini yake, ya maji, ya hewa, na ya anga ambamo sayari yetu inazunguka. Marekani somo hili linasimama peke yake shuleni na mwalimu wake ana leseni yake. Kila jimbo lina masharti yake, lakini kwa kawaida anayeomba leseni hiyo huwa amesoma chuoni jiolojia, hali ya hewa, bahari na astronomia, juu ya msingi wa fizikia, kemia na hisabati. Kwetu Kongo mada ni zilezile, ila zimetawanywa. Sehemu kubwa imo katika jiografia. Nyingine iko kwenye Sayansi za Uhai na za Dunia, ile SVT ya programu mpya za darasa la 7 na la 8. Mawimbi ya tetemeko yako kwa prof wa fizikia, na madini ukiyatazama kwa undani yako kwa prof wa kemia. Anayesema anataka kufundisha sayansi ya dunia anataka kazi ambayo ratiba ya shule imeigawia watu watatu au wanne.

Ndiyo maana nasema usichague kwa kusoma jina lililoandikwa mlangoni. Omba orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, uisome mstari kwa mstari, utafute sayansi zinazobeba nyingine: kemia, fizikia, hisabati.

Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ISP, na Goma, Bukavu na Lubumbashi zote zinazo. Huko unasoma somo lako pamoja na ualimu, na milango inayokuhusu ni Jiografia na Usimamizi wa Mazingira, Biolojia-Kemia, na Fizikia. Ya pili ni chuo kikuu. Jiolojia inafundishwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu. Ukimaliza unaongeza agregasioni, yaani mafunzo ya ualimu kwa mtu aliyekwisha kupata shahada. Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) lisansi ni miaka 3 na kredi 180, masta inaongeza miaka 2 na kredi 120. Kredi 180 zinasikika nyingi, lakini ukitoa za ualimu, za lugha, za kompyuta na za uraia, ukatoa na zile za jiografia ya watu, miji na uchumi, unaweza kukuta kemia na fizikia zimebakiwa na nafasi ndogo sana. Mwanafunzi hatalijua pengo hilo siku ya kupokea diploma. Atalijua mbele ya darasa.

Kemia, inayokimbiwa kuliko zote

Nimekaa nyuma ya madarasa mengi nikiwasikiliza wanafunzi wa staji, yaani walio kwenye mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao alikuwa amefundisha volkano vizuri, mchoro safi ubaoni, kreta, bomba la magma, kila kitu mahali pake. Mtoto mmoja anayeishi Goma, upande wa Bulengo, akanyoosha kidole: "Prof, mbuzi wetu alikufa kwenye mazuku. Baba alikuwa amemshika kamba na yeye hakufa. Kwa nini?" Kijana yule akajibu kwamba gesi ya volkano ni sumu, akarudi kwenye mchoro wake. Mtoto alikaa chini bila jibu.

Jibu liko kwenye kemia ya mwaka wa kwanza. Gesi ya mazuku, yale mabonde ambamo gesi hutoka ardhini, ni hasa dioksidi ya kaboni. Uzito wa atomu ya kaboni ni 12, wa oksijeni ni 16. Kaboni moja na oksijeni mbili zinafanya 44. Katika hewa ya kawaida atomu hushikana mbili mbili: sehemu kubwa ni nitrojeni yenye 28 na iliyobaki karibu yote ni oksijeni yenye 32, na wastani wake ni kama 29. Gawa 44 kwa 29, unapata 1.5. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inatelemka na kutuama mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo wa kuitawanya. Pua ya mbuzi imo ndani yake, pua ya mtu mzima aliyesimama iko juu yake. Mtoto mdogo, au mtu aliyeinama kuokota kitu, yuko pale pale alipo mbuzi. Mwalimu mwenye hesabu hiyo anaweza kumwambia mtoto jambo la kumwokoa: usiiname pale, usishuke shimoni kumfuata mnyama aliyeanguka, usimpitishe mdogo wako hapo asubuhi mapema. Asiye nayo amebaki na neno "sumu" tu.

Chukua na lava yenyewe. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni mwa Nyiragongo lilimwagika lote kwa chini ya saa moja, na kwenye miteremko ya juu ilikimbia hadi kilomita 60 kwa saa. Kwa volkano nyingi duniani mtu anaweza kuiacha lava nyuma kwa miguu yake. Tofauti inatoka kwenye silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni. Ndani ya mwamba ulioyeyuka, silikoni na oksijeni hushikana zikafanya minyororo na nyavu. Silika ikiwa nyingi lava inashikamana kama ugali, ikiwa kidogo inatiririka kama uji mwepesi. Basalti ya kawaida ina silika asilimia 45 hadi 52. Ya Nyiragongo ina karibu 40, pengine chini ya hapo. Mwalimu aliyesoma kemia ya madini ataanza na muungano wa atomu na kufika kwenye barabara za Goma bila kuruka hatua. Ambaye hakuisoma atasema "lava yetu ina kasi" kama anavyotaja urefu wa mlima, mita 3,470, jambo la kukariri likaisha.

Halafu kuna meno ya watoto wetu. Katika eneo la Virunga utakutana na wengi wenye madoa ya kahawia, na wenzao huwatania kwamba hawapigi mswaki. Mara nyingi chanzo ni floridi iliyozidi katika maji, ambayo hutoka kwenye miamba ya volkano na kwenye moshi wake unaorudi chini pamoja na mvua. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ili ufundishe jambo hilo unahitaji kujua ioni, uyeyukaji, na jinsi ya kupima kiasi cha kitu ndani ya maji. Ni kemia ya jumla, kemia isiyo ya viumbe na kemia ya uchambuzi, na mazoezi yake yafanyike maabara, maana kuyasoma kwenye silabi, zile karatasi za kozi, peke yake hakutoshi. Mtoto mwenye madoa hayo anastahili kusikia darasani, mbele ya wenzake, kwamba meno yake yanaeleza habari za mwamba na maji, wala si uchafu.

Mawimbi, shinikizo, na ziwa lililo mlangoni

Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukavu na upande wa Rusizi nchini Rwanda. Waliolipitia wanakumbuka kwanza mshtuko mfupi, kisha mtikisiko wenyewe. Fizikia ya mawimbi inaeleza hilo kwa usahihi. Tetemeko hutoa mawimbi P, yanayosukuma na kuvuta, yenye mwendo wa kama kilomita 6 kwa sekunde katika miamba ya juu; na mawimbi S, yanayotikisa kwa upande, yenye mwendo wa kama kilomita 3.5. Tuseme kifaa kimeonyesha S imefika sekunde 5 baada ya P. Andika umbali kuwa d: muda wa S ni d/3.5, wa P ni d/6, na tofauti yake ni 5. Ukiikokotoa d inakuwa kama 42. Tetemeko limeanzia kilomita 42 kutoka kwenye kituo. Vituo vitatu vikifanya hesabu hiyo, unachora miduara mitatu kwenye ramani, na inapokutana ndipo lilipoanzia. Wanafunzi wa sekondari wanaiweza kwa kalamu na bikari. Nimeona darasa zima likinyamaza kwa furaha miduara ilipokutana. Lakini prof awe ameisoma mwenyewe, na kozi ya mawimbi haimo katika kila orodha ya idara ya Jiografia.

Ziwa Kivu linadai zaidi. Nyiragongo ililipuka jioni ya 22 Mei 2021. Siku 5 baadaye serikali iliamuru mitaa mingi ya Goma ihamwe, kwa kuwa magma ilikuwa imepenya chini ya mji na chini ya ziwa. Karibu watu 400,000 walitoka, wakaelekea Sake, Minova, Bukavu, Rwanda. Njiani kote swali lilikuwa moja: je, ziwa litalipuka? Uvumi ukajaza nafasi ya maelezo, maana waliokuwa na uwezo wa kueleza walikuwa wachache.

Maelezo yanaanza na shinikizo. Kila mita 10 za maji zinaongeza shinikizo la kama angahewa moja, kwa hiyo kwenye mita 300 ni zaidi ya angahewa 30, na maji yanayobanwa hivyo yanabeba gesi nyingi iliyoyeyuka. Hiyo ni sheria ya Henry. Ziwa Kivu, lenye kina cha karibu mita 480, linashika kama kilomita za ujazo 300 za dioksidi ya kaboni na 60 za methani, zikipimwa kwa shinikizo la juu ya ardhi. Sasa mwanafunzi hodari atauliza: joto la ziwa hili linapanda kadiri unavyoshuka, mbona maji ya moto hayapandi juu? Swali zuri, na linajibika. Maji ya chini yamejaa chumvi na dioksidi ya kaboni, na uzito huo unashinda wepesi unaoletwa na joto, hivyo tabaka hazichanganyiki. Ili gesi itoke kwa wingi, lazima kitu kikubwa kiyainue maji ya chini hadi mahali shinikizo halitoshi tena kuizuia. Ziwa Nyos la Kameruni lilifanya hivyo tarehe 21 Agosti 1986 na watu wapatao 1,700 wakafa. Na upande wa Rwanda kituo cha KivuWatt kinavuta methani ya ziwa letu hilihili na kutoa megawati 26 za umeme. Hatari na faida zinaelezwa na fizikia moja ya vimiminika na gesi. Mzazi aliyefundishwa haya shuleni angekimbia 2021 akijua anakimbia nini.

Hisabati nitaipitia haraka. Unahitaji aljebra, trigonometria, logariti na takwimu. Bila logariti huwezi kueleza kwamba tetemeko la 5.9 linalinganishwaje na la 4.9: mtikisiko unaoandikwa na kifaa ni mara 10, lakini nishati ni kama mara 32, na ukipanda ngazi mbili nishati ni mara 1,000. Takwimu ni za mvua, za mito, za kila kipimo utakachokichukua. Kalikulasi inasaidia, ila kwa kufundisha sekondari hayo manne ndiyo ya lazima.

Jiolojia yenyewe

Hapa masomo ya kutafuta ni madini na miamba, tabaka na umri wa miamba, mabamba ya ardhi na bonde la ufa, maji ya chini ya ardhi, hatari za asili, na kusoma ramani ya jiolojia. Yote haya yanafundishika kwa kulinganisha miji yetu miwili. Goma, kwenye njia ya lava ya 17 Januari 2002, unachimba kidogo tu unagonga jiwe jeusi. Watu wamejenga kuta na misingi kwa jiwe hilohilo lililobomoa nyumba zao. Bukavu nayo imekaa kwa sehemu kubwa juu ya lava, lakini ya kale, ya mamilioni ya miaka, ambayo mvua na joto vimeigeuza kuwa udongo mwekundu wa mfinyanzi. Udongo huo ukilowa, na mteremko ukiwa umekatwa kwa ajili ya nyumba, unateleza na kila kilicho juu yake. Mawe ya ukoo mmoja, umri tofauti, na kwa hiyo hatari tofauti. Mwalimu anayeelewa kuoza kwa miamba hatafundisha maporomoko kama laana wala kama bahati mbaya.

Somo la historia ya dunia linatupa pia jambo ambalo watoto hulipenda sana. Zamani maji ya bonde la Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nile. Volkano za Virunga zikainuka zikaziba njia, ziwa likajaa hadi likapata mlango kusini, na leo maji yake yanashuka kwa mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika.

Aliyesoma jiolojia Lubumbashi anakuja na nguvu kubwa ya madini. Amelelewa kwenye ukanda wa shaba na kobalti, anaitambua malakiti, madini ya shaba, kwa rangi na heterojeniti, madini ya kobalti, kwa uzoefu wa mkono, anajua jinsi tabaka zilivyokunjwa. Mtu kama huyo ni hazina kwa shule yoyote. Pengo lake liko juu ya kichwa: hali ya hewa na anga, ambazo mtu wa Jiografia kwa kawaida amezisoma vizuri kuliko yeye.

Na haya ya juu yasidharauliwe. Vitabu vingi vilivyotungwa Ulaya huanza na majira manne, na watoto wa Goma wanayakariri hali wao hawajayaona. Goma iko chini ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Jua linapita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Simamisha fimbo wima uwanjani wakati jua limefika juu kabisa siku hizo, kivuli chake kinakaribia kutoweka. Ukanda wa mvua unalifuata jua likienda na kurudi, ndiyo maana tunapata mvua katika vipindi viwili, na ukame wa Juni hadi Agosti. Lubumbashi, karibu nyuzi 12 kusini, inapata msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu. Kozi ya astronomia ya msingi na kozi ya hali ya hewa zinatosha kumpa mwalimu somo hili zima, pamoja na fimbo.

Bahari wengi huiruka kwa kuwa iko mbali, na pwani yetu ya Muanda na Banana ni fupi, kama kilomita 40. Lakini mto wetu Kongo umechimba korongo refu chini ya bahari, na Januari 2020 mkondo wa matope ulishuka ndani yake zaidi ya kilomita 1,100 ukakata nyaya za mawasiliano. Intaneti ikadorora katika nchi nyingi za Afrika. Kozi moja ya bahari inatosha, ila iwepo.

Biolojia inahitajika kwa visukuku, udongo na ikolojia. Kwa aliye Biolojia-Kemia hilo limekwisha tatuliwa.

Jinsi ya kuziba mapengo

Kwa aliye Jiografia, ushauri wangu ni kuomba ruhusa ya kufuata kemia ya jumla na mazoezi yake ya maabara pamoja na promosheni, yaani darasa, la Biolojia-Kemia, hata kama kredi hazitahesabiwa. Maprofesa wengi hufurahi kumwona mwanafunzi aliyekuja bila kulazimishwa. Kisha achague kazi ya mwisho inayomlazimisha kupima: mvua ya mwaka katika mtaa mmoja, floridi ya chemchemi, kasi ya nyufa kwenye mteremko. Kwa aliye Biolojia-Kemia, atafute jiolojia, ramani, hali ya hewa na astronomia. Aliye Fizikia ana msingi bora kuliko wote kwa mawimbi na ziwa, na anachohitaji ni mawe mkononi. Mwanajiolojia asiione agregasioni kama karatasi ya kukamilisha faili. Kumfafanulia mtoto wa miaka 13 sheria ya Henry ni ujuzi mwingine kabisa, na unapatikana kwenye staji, mbele ya prof mzoefu anayekusahihisha.

Kuhusu masomo ya nje, mlima haufikiki wakati wote kwa sababu ya usalama, lakini mji wenyewe ni maabara. Kuna kuta za lava, machimbo ya mawe, ufuko, mifereji inayofurika. Goma ina OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano kilichoanzishwa 1986, na kaskazini mwa Bukavu kuna kituo cha utafiti cha Lwiro. Mwanafunzi wa ualimu anayekaa mji wenye taasisi kama hizo aombe mapema nafasi ya kutembelea, akiwa na barua ya chuo chake.

Kabla ya kulipa ada ya kuandikishwa, uliza mambo haya: kemia ina kredi ngapi na fizikia ngapi, mazoezi ya maabara yanafanyika kwa vifaa au yanaandikwa ubaoni, kuna siku za kwenda kwenye miamba au hakuna, kozi ya hatari za asili inafundishwa mwaka gani. Usiishie kwenye ofisi. Watafute wanafunzi wa mwaka wa tatu wa idara hiyo, uwaombe daftari zao za mazoezi, uone vipimo vilivyoandikwa humo kama ni vya kwao au ni vya kunakiliwa.